Bustani ya Duara Iliyotoka Yai

Mkuu wa shule alitaka bustani ya maua kuzunguka mlingoti wa bendera: ya duara, nusukipenyo mita 2. Kazi ya kuchora akawapa Kidato cha Pili, ati si wanajifunza GeoGebra, ile programu ya kompyuta ya kuchora maumbo ya hisabati, basi waitumie kwa jambo la maana. Mimi nikawa msimamizi, yaani mtu wa kulaumiwa aliyeteuliwa mapema.

Duara lenyewe ni kazi ya dakika. Unachagua kifaa cha duara la kitovu na nusukipenyo, unabofya (0, 0), kisanduku kikitokea unaandika 2. Kile kifaa kingine cha kitovu na nukta hakifai hapa, kwa sababu yeyote akiiburuta ile nukta ya pembeni duara linanenepa au linakonda. Wanafunzi wakaongeza njia mbili za kukatiza, y = x na y = −x, zipishane katikati kwa pembe mraba. Wakapima: mzingo 12.57, eneo 12.57.

Mama wa stoo akaikataa karatasi palepale.

"Mwalimu, hii mashine yenu imekwama. Namba moja inaiandika mara mbili."

Haikukwama. Nusukipenyo ikiwa 2, mzingo ni 2 × π × 2 na eneo ni π × 2 × 2. Zote ni 4π, ila moja ni mita na nyingine ni mita za mraba. Alisaini huku akinitazama kama mtu anayemdhamini shemeji yake mkopo. Matofali ya sentimita 23 yakatoka 55. Samadi, debe moja kwa kila mita ya mraba, yakatoka madebe 13.

Balaa likaja wakati wa kuchapa. Kijana mmoja aliona mchoro hauenei vizuri, akachukua kifaa cha mishale minne, kile cha kusogeza ubao, akaushika mhimili wa y wenyewe na kuubana. Ukivuta mahali patupu, mchoro mzima unahama na hakuna kinachoharibika. Ukivuta juu ya mhimili, kipimo cha mhimili huo peke yake ndicho kinachobadilika. Kwenye karatasi, uniti moja ya mlalo ikawa sentimita 2, ya wima sentimita 1. Programu haikulalamika, na haikuwa na sababu: kwake x² + y² = 4 ni duara tu, hata ulitazame limelala.

Dalili ilikuwepo. Binti mmoja alitoa kipimapembe kwenye mkebe wake, akakiweka kwenye makutano ya zile njia, akasoma digrii 53. Pembeni pameandikwa 90°. Wenzake wakamwambia kipimapembe chake ni cha bei rahisi.

Karatasi ikaenda kwa Mzee wa bustani. Mzee huyu maduara anayachora kwa kigingi na kamba, na hayajawahi kumshinda. Lakini ameambiwa afuate karatasi, sentimita 2 ni mita 1, naye maagizo anayaheshimu. Akaweka rula: mlalo sentimita 8, wima 4. Akapigilia vijiti.

"Shikamoo, Mzee," nilimwamkia jioni, macho yangu yakiwa kwenye yai la mita 4 kwa 2, limezungushiwa matofali kwa ustadi, mlingoti katikati.

"Marahaba, mwalimu. Aisee, duara la kompyuta ni gumu! La kamba lingekuwa limeisha asubuhi."

"Na haya matofali 12?"

"Yamebaki. Nilijua mmezidisha, nikanyamaza."

Yalibaki kihalali. Duaradufu ya vipimo hivyo ina mzingo wa mita 9.69 hivi, matofali 43.

Kwenye kompyuta tiba ni ndogo: bofya kulia mahali patupu, nenda kwenye xAxis : yAxis, chagua 1 : 1. Kabla ya kuchapa msiviamini vijimraba vya nyuma, maana programu hupanga yenyewe nafasi za namba kwa kila mhimili, na ubao uliobanwa unaweza kuonyesha mraba safi kabisa. Someni namba. Mlalo ukihesabu 1, 2, 3 na wima 2, 4, 6 kwa nafasi zilezile, kuna mtu kashika mhimili.

Bustani haikubomolewa. Mkuu wa shule aliizunguka, akasema ina ubunifu. Eneo lake ni 2π, mita za mraba 6.28, nusu kamili ya lile la kwenye karatasi, kwa hiyo samadi ikaingia madebe 7.

Kesho yake mama wa stoo alikuwa ananisubiri mlangoni na daftari lake.

"Mwalimu, madebe 6, matofali 12. Ile namba iliyoandikwa mara mbili, nilisemaje?"