Mkataba mmoja wa jezi kwa ligi nzima? Kigoma tusiukubali

Kila klabu zinapoanza kuonyesha uzi mpya, yaani jezi za msimu, hoja ile ile hurudi miongoni mwetu watu wa Kigoma tunaoishi nje: ligi yetu nayo itafute kampuni moja kubwa, ivalishe timu zote, fedha zigawanywe sawa, ili timu yetu ya Mashujaa ivae jezi yenye hadhi ile ile ya Simba na Yanga. Ukiwa ughaibuni, umezungukwa na mikataba ya mabilioni, hoja hiyo inaonekana haina mjadala. Mimi naipinga, na ushahidi wangu nautoa huku huku ughaibuni.

Tuanze na Marekani, kwa kuwa ndiko mkataba wa namna hiyo ulikokomaa. Ligi yao ya soka, MLS, timu zote zinavalishwa na Adidas, na mkataba uliopo unafika 2030. Uzuri wake upo: timu ndogo haihangaiki kutafuta mzabuni (mwenye mkataba wa kuipatia jezi) na kitambaa ni cha kiwango kimoja kwa wote. Lakini angalia uzi uliotoka mwaka 2020, ligi ilipokuwa inaingia msimu wake wa 25. Mistari mitatu ya kampuni ilipanda bega la kulia kwenye jezi mpya za timu baada ya timu. Funika nembo kifuani, na mara nyingi kinachobaki cha kukuonyesha ni timu gani ni rangi tu. Anayetengenezea timu zaidi ya 20 kwa mpigo hachori jezi 20. Anachora mkato mmoja, halafu anabadilisha rangi, kola na mchoro wa kitambaa, kwa sababu hapo ndipo gharama inaposhuka.

Na kosa likitokea, linawapata wote siku moja. Besiboli ni mchezo mwingine, ila mkataba wao ni wa jinsi hiyo hiyo: Nike ana haki ya timu zote 30 za ligi kuu, na ushonaji unafanywa na Fanatics. Msimu wa 2024 wakaleta vazi jepesi zaidi. Majina mgongoni yakawa madogo, suruali zikaonyesha shati lililochomekwa ndani, jasho likaacha madoa makubwa. Wachezaji walilalamika hadharani na chama chao kikaingilia kati. Majina makubwa yalirudi msimu wa 2025. Katikati hapo hakuna timu iliyokuwa na ruhusa ya kwenda kwa mtengenezaji mwingine.

Sheria nayo imewahi kuugusa utaratibu huu. Ligi ya NFL ya mpira wa Kimarekani ilipompa Reebok haki ya pekee ya kofia zenye nembo za timu, kampuni ndogo ya kofia iitwayo American Needle, iliyokuwa na leseni kabla, ilifungiwa mlango ikaenda mahakamani. Mwaka 2010 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba katika kuuza haki za nembo, timu zile 32 ni biashara tofauti, na makubaliano yao ya pamoja yanaweza kuhojiwa kwa sheria ya ushindani. Fundi wa jezi wa Mwanga ya Kigoma au Kariakoo ndiye angekuwa American Needle wetu.

Huku Uingereza kila klabu inajitafutia yenyewe, kama nyumbani, kwa hiyo hapa ndipo pa kusoma vifungu. Mkataba wa Manchester United na Adidas ulioanza msimu wa 2015/16 ulikuwa wa pauni milioni 750 kwa miaka 10, lakini ndani yake mlikuwa na sharti: klabu ikikosa Ligi ya Mabingwa misimu miwili mfululizo, malipo ya mwaka yanakatwa asilimia 30. Klabu inayoweza kushuka daraja isome sharti la namna hiyo mara mbili kabla ya kuweka saini. Sharti jingine ni haki ya mzabuni wa zamani kubaki na mkataba akitoa ofa inayolingana na ya mzabuni mpya. New Balance, kampuni iliyokuwa inawavalisha Liverpool, alikuwa nayo. Nike alipokuja, ofa yake ilikuwa na ahadi ya kuitangaza jezi kupitia watu maarufu kama LeBron James, Serena Williams na Drake. New Balance akadai amelingana nayo, kesi ikaenda mahakamani, na Oktoba 2019 jaji akaona kwenye matangazo hakulingana. Klabu ya nyumbani ikitoa haki hiyo bila kueleza kinacholinganishwa ni kipi, fedha taslimu, idadi ya maduka au matangazo, imejifunga na mzabuni asiyemtaka.

Wala haki ya pekee haimlindi mnunuzi. Mwaka 2003 mamlaka ya biashara ya Uingereza iliwatoza faini Umbro (mtengenezaji wa jezi), Manchester United na maduka makubwa, akiwemo JJB Sports, kwa kupanga bei ya jezi za mashabiki isishuke.

Sasa nyumbani. Tofauti kubwa ninayotaka wadau waione ni kwamba mzabuni wetu kwa kawaida ni mfanyabiashara, hamiliki kiwanda. Yanga wapo na GSM. Simba wamepita kwa Uhlsport, Vunja Bei na Sandaland kabla ya kuingia kwa Jayrutty. Mzabuni ananunua haki, anakwenda kushonesha kwingine, analeta na kuuza. Klabu inaweka saini na muuzaji, na kiwanda hakimo kwenye karatasi. Oda ya pili inaweza kushonwa kwingine, na hapo ndipo unaona jezi ya Agosti na ya Januari za klabu moja hazifanani rangi. Dawa yake ni karatasi ya vipimo iliyoambatanishwa na mkataba: namba ya rangi kwa mfumo wa Pantone (orodha ya rangi zenye namba), uzito wa kitambaa (kwa jezi ya kuuza mimi ningedai gramu 140 hadi 160 kwa mita ya mraba, maana nyeupe nyepesi sana inaonyesha mwili), upana wa kifua kwa sentimita kwa kila saizi, na jezi moja ya mfano yenye saini za pande zote mbili inayobaki ofisini kwa klabu. Mzigo usiolingana na mfano unarudishwa. Saizi nazo zitajwe kwa sentimita, kwa sababu L ya kiwanda kimoja cha China inaweza kuwa M ya kingine.

Faili la mchoro liwe mali ya klabu. Hili watu hulipuuza hadi mzabuni anapoondoka na nembo iliyochorwa upya na kompyuta yake.

Kwa upande wa uchoraji, uhuru tulio nao wenzetu wa MLS hawana. Klabu ya Kigoma inaweza kuweka ziwa, dagaa au mitumbwi ya Kibirizi kwenye mchoro wa kitambaa bila kuomba ruhusa ya makao makuu ya kampuni ng'ambo. Yanga walikataa nyekundu ya mdhamini wa ligi isikae kwenye jezi yao, na msimamo huo unawezekana pale klabu inapokuwa na sauti juu ya vazi lake. Ila mchoro usimeze namba. Kanuni za FIFA zinataka namba ya mgongoni iwe na kimo cha sentimita 25 hadi 35 na isomeke kwa mbali. Kwenye jezi ya mistari au mchoro mzito, acha mgongo uwe wa rangi moja au weka kiraka cha rangi moja chini ya namba, la sivyo mwamuzi na mtangazaji watabaki kukisia.

Timu za mtaani za Ujiji na Gungu zinazonunua seti tupu na kupeleka kwa fundi wa kuprinti zina tatizo lao, na nalijibu kwa sababu naulizwa sana: namba nyeupe kwenye jezi nyekundu inageuka ya waridi. Stika ya namba si mbovu. Poliesta hutiwa rangi ambayo ikipata joto kali hugeuka mvuke na kupanda juu, ikaingia kwenye namba. Fundi akibandika kwa nyuzi joto 160 anaikaribisha. Tumia stika yenye tabaka la kuzuia rangi, ya kubandikwa kwa nyuzi 130 hivi kwa sekunde 10 hadi 15, na ujaribu kwanza kwa jezi moja, uiache siku mbili tatu uone. Mkitaka mchoro usiobanduka, ni sablimesheni: wino unaingia ndani ya uzi wa kitambaa kwa nyuzi joto 190 hadi 200, sekunde 45 hadi 60. Hiyo inataka poliesta nyeupe. Yenye pamba nyingi inafifia kwa kufua. Na vipande viprintiwe kabla ya kushonwa. Jezi iliyokwisha kushonwa hubaki na michirizi myeupe kwapani na kwenye mikunjo. Kwa wachezaji 18 na makipa 2, agizeni jezi 24: nne zibaki bila namba, kwa sababu ya kuchanika na usajili wa katikati, maana oda ndogo ya baadaye haitapata rangi ile ile.

Jambo la mwisho ni safari. Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na jezi feki hutangulia kufika. Sababu inaeleweka: picha ikitoka siku ya uzinduzi, mchoro unanakiliwa na kuprintiwa ndani ya siku chache, wakati mzigo halisi unaanza kuuzwa Dar na mikoani unafika shabiki akiwa tayari amevaa. Kuwakamata wauzaji wa Mwanga hakuzibi pengo hilo. Kinacholiziba ni kifungu cha mkataba kinachosema mzabuni aliyepewa haki ya pekee ana wajibu wa kuweka idadi iliyokubaliwa, kwa saizi, katika vituo vilivyotajwa vya Kigoma na Tabora kabla ya tarehe ya uzinduzi. Katoni zisipofika, uzinduzi unasogezwa mbele na gharama ni za mzabuni. Akikosa misimu miwili, haki ya pekee kwa mikoa hiyo inarudi kwa klabu, nayo iwe huru kumpa fundi wa hapo hapo leseni ya kushona, kwa vipimo vile vile na mrabaha kwa kila jezi.