Shaba Ipande Treni, Viazi Je?

Pale Mlima Nyoka, harufu ya breki hukufikia kabla hujaliona lori lenyewe. Semitrela zinateremka zikiwa na shaba ya Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, nyingine zinapanda na salfa kuelekea Tunduma, na katikati yake bajaji na watoto wa shule wanatafuta upenyo. Huku kwetu Mbeya karibu kila familia inamjua mtu aliyeumia kwenye barabara hii. Kwa hiyo anayesema mzigo huu urudi TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mimi namsikiliza kwa makini.

Hoja yake ni nzito. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ili Zambia ipate njia ya baharini isiyopita kusini, kwenye nchi zilizotawaliwa na walowezi wa Kizungu. Upana wake, milimita 1,067, ni ule ule wa reli za Zambia, hivyo behewa linaweza kutoka bandarini hadi kwenye migodi bila mzigo kushushwa njiani. Reli yetu mpya ya SGR, yenye milimita 1,435, haiwezi hilo. Halafu kuna lami. Wahandisi wa barabara wanakadiria kwamba ekseli ikibebeshwa uzito maradufu, uharibifu huongezeka kama mara 16. Lori linaruhusiwa tani 56 pamoja na mzigo wake, na gharama ya kuziba mashimo inabaki kwetu. TAZAMA, bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, limeshatuonyesha njia tangu 1968: kila lita inayopita humo haimo ndani ya tangi la lori linalopanda mlima Kitonga.

Lakini treni haifiki shambani. Mkulima wa viazi wa Isyonje analetewa lori hadi kando ya matuta, gunia linapakiwa mara moja na kushushwa sokoni. Relini gunia hilo hilo litabebwa mara tatu, na viazi havisubiri injini iliyoharibika kwenye stesheni ya Mlimba. Uhaba wa injini na matengenezo ndio uliowafukuza wateja wa TAZARA, na mfanyabiashara aliyewahi kulaza mtaji wake kwenye behewa harudi kwa ahadi. Tunduma, Makambako na Igawa nazo zinaishi kwa dereva anayelala: gesti, mama lishe, fundi wa matairi. Riziki hizo si za kupuuzwa.

Hata hivyo, kwangu mizani inaelemea relini kwa mzigo wa kupita, kwa sababu maisha ya watu hayalinganishwi na chumba cha gesti. Wasiwasi wangu uko kwenye makubaliano ya Septemba 2025, ya dola bilioni 1.4, yanayoikabidhi reli kwa kampuni ya China, CCECC, kwa miaka 30. Mwekezaji atafuata shaba. Hilo ni haki yake. Sisi wa Nyanda za Juu tudai mbolea. Ni nzito, haiozi, inatoka bandarini kuja huku huku, na mkulima anaihitaji kabla ya mvua za Novemba. Mabehewa yake yatengwe kuanzia Agosti, na maghala ya Makambako na Iyunga yawe wazi kuipokea.