"Masta ni ya Wenye Kazi"

Kila likizo ya chuo, vijana wetu wakirudi Amu (Lamu), mimi huwauliza swali moja nikiwakuta pale mbele ya Ngome wakinywa kahawa: "Ukimaliza digrii, utaendelea?" Wengi hucheka kwanza. Juzi mmoja akanijibu, "Maalim, masta ni ya wenye kazi."

Simlaumu. Anamaliza chuo na deni la HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, lenye riba ya asilimia 4, na mwaka mmoja baadaye anatakiwa aanze kulipa. Akichelewa, faini shilingi 5,000 kila mwezi. Nyumbani wadogo zake wangoja karo. Leo umwambie akae miaka mingine 2, nusu yake akimkimbiza msimamizi asome sura ya pili ya tasnifu? Mimi sura yangu ilikaa mezani kwa mtu miezi 7, ikarudi imeongezwa mkato mmoja. Wallahi, mmoja.

Wanaokataa hawanisumbui. Wanaonisumbua ni wale wachache wanaokubali, ukiwauliza watasomea nini, wanasema "chochote chenye soko." Digrii ya kwanza sawa, hufundishwa. Uzamili, hiyo masta, unakutaka uje na swali lako.

Na maswali Amu yamejaa, ila waulizaji ni wageni. Sisi tumezoea kuhojiwa. Mji ulipoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 watafiti walikuwa wameshatuzoea, na vinasa sauti vyao. Shangazi yangu sasa huwauliza kibali kabla hajawapa kiti. Hati za kale za Kiarabu za Msikiti wa Riyadha, hapa hapa Amu, zimepigwa picha kwa mradi wa maktaba ya taifa ya Uingereza, ziko kwenye intaneti. Watoto wetu wanasoma Kiarabu tangu chuo cha Kurani kwa mwalimu, wakiwa na miaka 5. Wangapi wamezifungua?

Yule kijana wa juzi babake ni fundi wa majahazi Matondoni. Nikamwuliza mbao za jahazi zina majina mangapi. Akaanza kuhesabu kwa vidole, mkuku, mataruma, akaendelea mpaka vidole vikamwishia, kahawa ikapoa.

"Nani ameyaandika hayo yote, na sababu ya kila ubao kukaa pale ulipo?" nikamwuliza.

Akanyamaza kidogo. "Na hiyo, maalim, yasomewa chuo gani? Na ada yake?"

Ada nimemwambia nitamuulizia.