Zambarau: Je, Heshima Yake Ilitokana na Bei?

Bendera za mataifa zikipangwa safu moja, macho yatakutana na nyekundu, bluu, nyeupe na kijani hadi yachoke, lakini zambarau itabidi itafutwe. Dominika inayo katika manyoya ya kasuku wake, na Nikaragua inayo kwenye ukingo wa upinde wa mvua uliomo ndani ya nembo yake. Zaidi ya hapo mifano ni michache mno. Maelezo yanayozunguka sana mitandaoni ni kwamba rangi hii ilikuwa ghali kupita dhahabu, ikabaki ya wafalme peke yao, na hakuna nchi iliyoweza kuimudu. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, ila tarehe zinayakataa. Bendera nyingi tunazozijua leo zilibuniwa katika karne ya 19 na ya 20, wakati zambarau tayari ilikuwa ikitoka viwandani kwa bei ya kawaida, na Jamhuri ya Pili ya Hispania, kati ya 1931 na 1939, iliweka mstari mzima wa zambarau kwenye bendera yake bila hazina kutikisika. Bei imetwishwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, ingawa kuitupa kabisa pia kungekuwa kosa.

Wanaotetea bei wana ushahidi mzito. Zambarau ya Tiro, mji ulio pwani ya Lebanoni ya leo, ilitokana na konokono wa baharini mwenye tezi ndogo inayohifadhi ute usiovutia hata kidogo. Ute huo ukikutana na hewa na mwanga huanza kubadilika: hutoka kwenye weupe wa kimanjano, huwa kijani, hukaribia bluu, na mwisho hukolea kuwa zambarau. Konokono mmoja hutoa tone tu. Mwaka 1909 mwanakemia Paul Friedländer, alipotaka kujua rangi hiyo imeundwa na nini, alihitaji konokono 12,000 ili apate gramu 1.4, ndipo ikadhihirika kwamba ni ndugu wa karibu wa nili, ile rangi ya bluu, tofauti yake kuu ikiwa ni kuongezeka kwa elementi iitwayo bromini. Huko Sidoni, mji jirani wa Tiro, limebaki rundo la makombe ya konokono hao lenye ukubwa wa kilima. Strabo, mwanajiografia wa kale, aliandika kwamba wingi wa viwanda vya rangi uliifanya Tiro isipendeze kuishi, ingawa ndio uliotajirisha mji. Aliyewahi kupita karibu na samakigamba waliooza juani hatashangaa.

Bei yenyewe tunayo kwa maandishi. Amri ya Kaisari Diocletian ya mwaka 301, iliyoweka ukomo wa bei katika dola ya Roma, iliruhusu ratili moja ya hariri iliyotiwa zambarau bora iuzwe hadi dinari 150,000, ilhali ratili ya dhahabu iliwekewa dinari 72,000. Kwa hiyo usemi wa kwamba zambarau ilipita dhahabu hauna chumvi, mradi ikumbukwe kwamba hesabu hiyo inajumuisha hariri pamoja na rangi.

Hata hivyo, rangi yenyewe ilipatikana kwa njia rahisi zaidi, na hapo ndipo hoja ya bei inapoanza kuyumba. Maandishi mawili ya Misri ya karne ya 3 au ya 4, yaliyoandikwa kwenye karatasi za mafunjo, ambayo sasa yanahifadhiwa Stockholm na Leiden, yamejaa maelekezo ya kuiga zambarau bila konokono hata mmoja, mojawapo ya njia ikiwa ni kuichovya sufu kwenye nili na kisha kwenye rangi nyekundu itokanayo na mizizi. Mtu wa kawaida aliweza kuvaa kitu ambacho, kwa mbali, kisingetofautishwa na vazi la tajiri. Kilichokuwa ghali ni asili ya rangi pamoja na uimara wake, kwa kuwa zambarau ya konokono haikupauka upesi kwa jua wala kwa kufuliwa, na hiyo ni sifa halisi isiyohitaji mfalme kuithibitisha. Lakini sifa hiyo peke yake haielezi kwa nini watawala waliona haja ya kutunga sheria. Roma ilianza kwa kuigawa zambarau kwa vipimo: mstari mpana kwenye kanzu ya seneta, mwembamba kwa tabaka lililomfuata, ukingo kwenye joho la kiongozi wa serikali na la mtoto wa kiume aliyezaliwa huru. Kaisari Nero akapiga marufuku aina zilizo bora, na kufikia karne ya 5 sheria za dola zilimhesabu aliyekuwa na zambarau halisi bila idhini kuwa karibu na mhaini. Bidhaa ambayo bei yake inatosha kuwazuia watu haihitaji askari mlangoni.

Simulizi moja ya China, iliyomo katika maandishi ya mwanafalsafa Han Feizi ya karne ya 3 KK, inaigeuza hoja ya bei juu chini. Mtawala Huan wa dola ya Qi alipenda mavazi ya zambarau, na watu wote wakamwiga, hata vitambaa vitano vyeupe havikutosha kubadilishwa na kimoja cha zambarau. Alipolalamika, waziri wake Guan Zhong alimshauri aache kuivaa na awaambie walio karibu naye kwamba harufu yake inamkera. Siku hiyohiyo watumishi wa ikulu waliiacha, kesho yake mji mkuu ukaiacha, na siku ya tatu haikuonekana nchini kote. Ni kisa cha kufundishia watawala, hivyo hizo siku tatu tusizishike sana. Lakini aliyekitunga alijua vizuri kwamba bei hupanda ikifuata jicho la mwenye mamlaka. Japani ya karne ya 7 nayo iliweka zambarau iliyokolea kwenye vyeo vya juu, na huko ilitoka kwenye mzizi wa mmea.

Mfano unaonisadikisha zaidi unatoka Oaxaca, kwenye pwani ya Pasifiki ya Meksiko. Watia rangi wa Kimixtec, mojawapo ya jamii za wenyeji wa huko, huenda miambani maji yakiwa yamekupwa, humbandua konokono kwa kijiti, humbinya kidogo hadi ateme ute wake, huupaka moja kwa moja juu ya fundo la uzi wa pamba, kisha humrudisha mahali penye unyevu ili aishi na kukamuliwa tena baadaye. Rangi ni ileile ya Tiro kwa maana ya kikemia. Kazi ni ngumu, na uzi wake haujawahi kuwa rahisi, lakini uliishia kwenye sketi za kujifunga za wanawake wa vijijini, si kwenye joho la mfalme. Jasho lilikuwepo, uhaba ulikuwepo, ila hakuna dola iliyosimama kati ya konokono na mvaaji.

Wapo wanaotafuta jibu ndani ya rangi yenyewe: kwamba zambarau ina utulivu au fumbo ambalo binadamu hulihisi popote alipo. Hoja hii naiona dhaifu kuliko zote. Pliny, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba zambarau iliyosifiwa zaidi ya Tiro ilifanana na damu iliyoganda, nyeusi ukiitazama hivihivi na yenye kung'aa ikiinuliwa kwenye mwanga. Vazi ambalo askari walimvika Yesu kwa dhihaka ni la zambarau katika Injili ya Marko na jekundu katika ile ya Mathayo. Ikiwa mpaka wa rangi yenyewe haukuwa thabiti, ni vigumu kuamini kwamba nguvu yake ilitoka humo. Maana nazo zimepingana: Confucius, mwanafalsafa wa China, alichukizwa na zambarau kwa kuinyang'anya nyekundu nafasi yake, Kanisa la magharibi huivaa katika majira ya toba, yaani Majilio na Kwaresima, na Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria waliivaa hafifu wakati ukali wa msiba umepungua.

Jaribio lililo wazi kuliko yote lilikuja mwaka 1856. William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 mjini London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe, akapata uchafu mweusi ambao, alipouyeyusha kwa spiriti, ulitoa zambarau. Aliisajili hataza mwaka huohuo, na Januari 1858 Malkia Victoria alivaa rangi ya namna hiyo kwenye harusi ya binti yake. Muda si mrefu mitaa ilijaa zambarau. Kama bei ndiyo iliyobeba maana yote, maana hiyo ilipaswa kufa hapo. Lakini mwaka 1908 wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura walichagua zambarau, nyeupe na kijani, na Emmeline Pethick-Lawrence alieleza zambarau kuwa ni damu ya kifalme inayotiririka katika mishipa ya kila mmoja wao. Urahisi ule wa bei wa nusu karne ulifanya ishara ya watawala ifae kudaiwa na walionyimwa kura. Wakati wa Diocletian dai hilo lisingevuka mlango wa duka la kitambaa.

Kwa maoni yangu, bei iliijenga zambarau na sheria ikaizungushia ukuta, na ukuta huo ndio uliodumu zaidi. Hata sasa wapo wanaotaka kuujenga upya, ingawa kwa kutumia ofisi ya alama za biashara. Mwaka 2004 kampuni ya Cadbury iliomba nchini Uingereza kusajili zambarau ya vifungashio vya chokoleti zake, Nestlé ikapinga, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliyakataa maombi hayo kwa kuwa maelezo yake hayakuonyesha bayana ni kitu gani hasa kinachosajiliwa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilikubali sehemu ya maombi mapya. Wino wa rangi hiyo haumgharimu mchapishaji zaidi ya wino mwingine wowote.