Hatukuvutwa na ng'ombe, lilikuwa trekta

Naona mnavyofurahi. Rafiki yangu mmoja, aliyekuwa nyuma yetu kwenye Probox na simu mkononi, ameshawaambia watu wa Nakuru kwamba Subaru Forester yangu iliingia kwa wakwe, siku ya kupeleka mahari, ikivutwa na ng'ombe wawili huku Shangazi akiwachapa fimbo. Uongo mtupu. Lilikuwa trekta la miwa. Na Shangazi alikuwa ameshika Biblia.

Kwa wale wageni hapa, mimi ndiye yule jamaa wa laptopu wa mtaa wa Shabab, Nakuru. Ukifunga bomba kubwa la kuvuta hewa na ekzosi nene, kompyuta ya injini haina habari. Sensa inapima hewa kwa hesabu ya bomba la zamani, petroli inamwagwa kidogo, mchanganyiko unakuwa mkavu, na turbo (ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada) ikipuliza, injini inaanza kugonga hadi pistoni itoboke. Ndipo unaniita. Nachomeka kebo chini ya dashibodi, naandika ramani upya, yaani jedwali linaloiambia kompyuta imwage petroli kiasi gani na cheche itoke lini: sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli ukitembea taratibu, nashusha hadi karibu 11 turbo ikishika. Kazi safi, na wateja wangu wako barabarani hadi leo.

Halafu kuna ile milio. Mnaijua, na ninyi ndio mnaoiagiza. Gari likiwa la kawaida, ukiachilia mafuta kompyuta inafunga petroli kabisa. Mimi naiambia isifunge, na cheche naichelewesha, ili petroli ikawakie huko ndani ya ekzosi. Paa! Pa-pa-paa! Pale mjini unaachilia mguu kwenye raundiabauti, linalia mara mbili tatu, vijana wa boda wanashangilia, unaondoka na heshima yako.

Sasa, Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na mji wenyewe kwa sehemu kubwa ni tambarare. Tulikokuwa tunaenda kupeleka mahari ni chini, kwenye miwa, ng'ambo ya Muhoroni. Ukishapita Mau Summit na Londiani ni mteremko tu: Fort Ternan, Koru, hadi Muhoroni yenyewe. Na kwenye mteremko mguu wa dereva unakuwa wapi? Si kwenye mafuta.

Mbele alikaa Mjomba, msemaji wetu, suti ya kijivu na mkongojo. Nyuma Shangazi na bwana harusi mtarajiwa mwenye bahasha. Mlipuko wa kwanza ulitokea kabla ya Fort Ternan.

"Nani anapiga risasi?" Shangazi akauliza.

"Si risasi, Shangazi. Ni ekzosi."

"Ekzosi ya nani?"

"Yetu."

Akanyamaza kidogo. Kona iliyofuata ikalia mara saba mfululizo, akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Mwendesha boda mmoja aliyebeba mitungi ya maziwa aliingia kwenye miwa pale Koru na hatukumwona tena. (Ndugu, kama unasoma hapa, samahani, nitumie namba nilipie maziwa.)

Tulipokaribia Muhoroni, Mjomba akagonga sakafu kwa mkongojo. "Kijana, simamisha. Watu hawa tunaenda kuwaomba binti. Tukiingia tukilipuka hivi watauliza kama tumekuja kuoa au kuvamia."

Nikamwambia asijali, laptopu iko buti, narudisha ramani ya kiwandani na gari linakuwa kimya kama la pasta. Niliyasema kwa ile sauti ninayotumia kwa wateja. Bwana harusi akaniangalia kwa matumaini. Hiyo sura bado naiona.

Wenye Subaru za zamani kama yangu mnajua kwamba ili kompyuta ikubali kuandikwa, unaunganisha plagi mbili za kijani zilizojificha juu ya miguu ya dereva. Ukiziunganisha na kuwasha swichi bila injini, gari linaingia hali ya majaribio. Feni za rejeta zinawaka, zinazima. Pampu ya petroli inanguruma, inanyamaza. Chini ya boneti tak, tak, tak. Ni kawaida kabisa. Lakini jaribu kumweleza hivyo Shangazi ambaye ameona ufunguo umewashwa, injini imezimwa, na gari linahema lenyewe.

"Hili gari lina kitu," akasema, akafungua Zaburi.

Jambo jingine la kawaida: hali hiyo inakula betri. Fundi yeyote anashikiza chaja ili volti isishuke wakati kompyuta inaandikwa, kwa sababu umeme ukiyumba katikati, nusu ya programu ni mpya na nusu haipo, na hapo unabaki na sanduku la alumini. Chaja ninayo. Nzuri sana. Ilikuwa Nakuru, ikihudumia betri ya jirani.

Nikaanza. Asilimia 10. Asilimia 25. Nimechuchumaa mlangoni, laptopu juu ya goti, jasho linaingia machoni, kwa sababu joto la Muhoroni si la watu wa Nakuru. 40. Feni inawaka, inazima. Nikawaambia kwa adabu, wazee wangu, naomba mtu asiguse chochote. Mjomba akaitikia kwa kichwa. 52. Nikaanza hata kupanga nitakavyoisimulia hii stori kama ushindi.

Ndipo lori la miwa likatupita.

Aliyewahi kupitwa na lori la miwa kiangazi anajua lile vumbi. Halikuja ghafla. Lilijikunja nyuma ya lori, likasimama, likageuka, likaanza kuja upande wetu pole pole kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Nikaliona. Mjomba naye akaliona. Nikaona akiangalia suti yake ya kijivu. Nikaona akiangalia dirisha lake lililo wazi. 61. Nikafungua mdomo nimwambie "Mjomba, acha", na vumbi likanijaa mdomoni. Kidole cha Mjomba, kile chenye pete, kikaenda kwenye kitufe. Kioo chake kikaanza kupanda, wiiiii. Nyuma Shangazi akaona ni wazo zuri, naye akabonyeza chake. 66. Bwana harusi, mtu aliyesoma, mtu wa digrii, akabonyeza cha kwake. Vioo vitatu vinapanda, feni inawaka, pampu inanguruma, na Mjomba, kwa kuwa sasa ndani kuna joto, akanyoosha mkono akageuza kipuliza hewa hadi namba nne.

68.

Vioo vikasimama katikati. Taa za dashibodi zikafifia, zikawa rangi ya chai ya maziwa. Feni ikazunguka mara ya mwisho kwa uvivu, ikaacha. Laptopu ikatoa ule mlio wake mdogo wa kwamba kebo haijibiwi. Kimya kabisa. Nikasikia hadi ndege kwenye miwa.

"Amina," Shangazi akasema. "Limetoka."

Kwa hakika lilikuwa limetoka. Tuliboosti kutoka kwenye Probox, starta ikazunguka vizuri, lakini hakuna cheche, hakuna petroli, hata ile taa ya injini haikuwaka. Na yule rafiki wa Probox, muda wote huo, anarekodi.

Mengine mnayajua. Trekta likapita na trela mbili za miwa, dereva akakubali kutufunga mnyororo nyuma, watoto wa kila kijiji wakakimbia wakichomoa miwa kwenye trela na kutupungia. Tuliingia kwa wakwe hivyo hivyo, Mjomba amekaa wima mbele kama rais, kioo kikiwa nusu. Kimya tulichoahidi tulikileta, hakuna aliyelipuka. Shida ikaja kwenye mazungumzo: Mjomba alipoanza kulia hali ngumu na uchumi, mzee wa upande wa pili akamwangalia kwa upole akasema watu wanaosafiri na trekta lao hawawezi kukosa ng'ombe. Idadi ikapanda. Bwana harusi ananiambia tofauti hiyo ni yangu. Tutaongea.

Kompyuta ilifufuliwa Kisumu na fundi mmoja aliyeifungua sanduku, akaiingilia kupitia pini za ndani, akaiandika upya huku chaja mbili zimeshikizwa, na kila dakika akinitazama bila kusema neno. Gari linatembea. Milio nimeitoa, kwa hivyo msiniulize inbox kama nitawawekea wiki hii.

Mjomba alirudi Nakuru kwa matatu, na ananidai nauli.