Umehama jimbo, deni limebaki nyuma: wakushtaki wapi?

Mwezi uliopita dada mmoja tunayesali naye hapa Texas alifika kwa keshia, unga na mafuta na maziwa ya mtoto vimeshatiwa mifukoni, kadi ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa tena. Aliviacha vitu vyote pale, akatoka nje kupiga simu benki, na huko akaambiwa akaunti yake imezuiwa kwa amri ya mahakama. Mshahara wake wa wiki mbili za kulea wazee usiku ulikuwa humo.

Chanzo ni nyumba aliyopanga Minnesota. Alipata kazi huku, akahama miezi minne kabla ya mkataba kwisha. Mwenye nyumba alilipeleka deni kwa mawakili wa kukusanya madeni, nao wakamshtaki kulekule. Karatasi ziliachwa kwa shangazi yake, mahali alipokuwa akipokelea barua. Shangazi alizitazama, hakuona muhuri wa mahakama wala namba ya kesi, akajua ni matapeli. Akaziweka juu ya friji.

Shangazi hakuwa mzembe. Minnesota ina utaratibu ambao hata Wamarekani wa majimbo mengine huushangaa: kesi ya madai huanza pale mdaiwa anapokabidhiwa karatasi, si pale zinapofunguliwa mahakamani. Mdai anaweza kukaa na kesi mfukoni hadi mwaka mzima kabla ya kuisajili, na siku 21 za kujibu zinahesabika tangu siku ya kukabidhiwa. Karatasi zisizo na namba ya kesi ndizo samansi zenyewe.

Swali la dada yetu ndilo ninalolisikia kila mara kwa Wakenya, Watanzania na Wakongo wanaohama kufuata kazi: "Mimi naishi Texas, Minnesota wananishtaki vipi?"

Jibu ni kwamba wanaruhusiwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 kuhusu wakusanya madeni inawapa nafasi mbili: wakushtaki unapoishi siku kesi inapoanza, au uliposaini mkataba. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1995 katika kesi ya Heintz v. Jenkins, sheria hiyo inawabana pia mawakili ambao kazi yao ya kila siku ni kufungua kesi za madeni. Kwa hiyo hawawezi kukuburuta katika jimbo lisilokuhusu. Ila jimbo ulilosaini linakuhusu, hata kama umeshalihama.

Upande wa mdai una hoja, na sioni sababu ya kuzipuuza. Dawa ya deni ni kulipa, sote tumelelewa hivyo. Nyumba ilikuwa Minnesota, mkataba ulisainiwa Minnesota, aliyehama ni mpangaji. Kama kuvuka mpaka kungetosha kumfungia mdai mlango wa mahakama yake, mwenye nyumba mmoja mwenye vyumba viwili vya kupangisha angelazimika kumlipa wakili wa maili elfu moja kutoka kwake ili adai kodi ya miezi michache. Wa kwanza kuumia wangekuwa wageni: mwenye nyumba angewaogopa watu wasio na mizizi, na hao ni sisi.

Lakini tazama kesi hizi zinavyokwenda. Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilichapisha mwaka 2020 kwamba, katika maeneo yenye takwimu, zaidi ya asilimia 70 ya kesi za madeni ziliisha kwa hukumu ya upande mmoja, mdaiwa hakutokea. Wadaiwa wenye wakili hawakufika asilimia 10. Sasa mwongezee mtu huyo umbali wa Minnesota hadi Texas, zamu za usiku asizoweza kuziacha, na barua zinazokwenda anwani ya zamani. Posta huhamisha barua za kawaida kwa miezi 12 tu usipolipia nyongeza, tena kama ulijaza fomu.

Na samansi nyingine hazifiki kabisa. Mwaka 2009 mwanasheria mkuu wa New York alienda mahakamani kutaka hukumu zipatazo 100,000 zifutwe, kwa sababu wapeleka samansi wa kampuni moja walikuwa wakiapa wamezifikisha hali hawakuzifikisha. Watu walijua wameshtakiwa siku mshahara ulipokatwa.

Hukumu ikishatoka, inasafiri. Katiba ya Marekani, ibara ya nne, inalitaka kila jimbo liheshimu hukumu za jimbo jingine. Mdai huisajili hukumu ya Minnesota katika mahakama ya Texas, taarifa ikatumwa kwa posta, kisha anaikaza kwa sheria za Texas. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Ni kweli katiba ya Texas inakataza mshahara kukatwa kwa madeni ya kawaida, tofauti na majimbo mengi ambako mwajiri anaweza kuamriwa akate hadi robo ya kinachobaki baada ya kodi. Ila mshahara huo ukishaingia benki, kinga inaisha. Benki hupewa amri kwanza, mwenye akaunti hujulishwa baadaye.

Nikipima yote, naona sheria imekosea kuacha mahali pa kusaini kuwa na uzito sawa na mahali mtu anapoishi. Hoja ya mwenye nyumba mdogo haiitetei, kwa sababu anayedai deni lake mwenyewe, kwa jina lake, hahesabiwi kuwa mkusanya madeni. Kipengele hicho hakimgusi. Anayenufaika ni kampuni na mawakili wanaofungua kesi kwa mamia, ambao kumpata mwenzao wa Texas si mzigo kwao. Tena hukumu wataileta hukuhuku, ndiko ziliko pesa. Wangeanzia hapa tangu mwanzo, dada yule angepokea karatasi mlangoni kwake, na kama deni ni halali angelilipa kwa mafungu kabla gharama hazijajaa juu yake.

Kuna jambo la muda pia, ambalo watu huliziba kwa maneno ya vijiweni. Miaka saba inayotajwa ni ya deni kukaa kwenye ripoti ya mikopo, haihusiani na ukomo wa kushtakiwa. Ukomo huo kwa mikataba ni miaka 4 Texas na 6 Minnesota. Kentucky, kwa mikataba ya maandishi ya siku hizi, ni 10. Yapo majimbo ambayo husimamisha saa wakati uko nje ya mipaka yake, na katika majimbo mengi malipo kidogo tu huianzisha upya. Deni lililopita muda, mkusanya madeni haruhusiwi kulifungulia kesi, lakini akilifungua nawe ukanyamaza, hukumu itatoka vilevile.

Dada yetu ana hoja nzuri. Kuacha karatasi mahali asipoishi si kumfikishia samansi, na hukumu isiyo na samansi halali haina miguu Minnesota wala Texas. Tuliketi naye mezani na mwanasheria wa msaada wa bure, tukakusanya mkataba wa nyumba ya huku, leseni ya udereva ya Texas na hati ya kwanza ya mshahara, vyote vina tarehe za kabla ya siku ile karatasi zilipoachwa kwa shangazi. Ombi la kutengua limeshapelekwa. Anakubali kwamba kodi ya mwezi mmoja anadaiwa kweli. Miezi mingine mitatu anasema nyumba ilishapata mpangaji mwingine, na anataka mwenye nyumba aonyeshe daftari lake. Atasikilizwa kwa video, asubuhi, akitoka zamu.