Jogoo Aliyelipiwa Shilingi Elfu Moja

Baba mdogo alipoamua kuwatungia wakwe zake wa Ahero wimbo wa benga, mimi ndiye niliyekuwa na kompyuta, gitaa na chumba cha mabati huko Nyalenda, Kisumu, kwa hiyo nikageuzwa kuwa studio. Kwa kuwa sisi ni watu wa pakruok, desturi ya Waluo ya kusifiana hadharani, na sifa hizo hazitolewi bure, kila aliyetaka kutajwa alichanga shilingi 500, isipokuwa shemeji yake mmoja mwenye mashamba ya mpunga, aliyetoa 1,000 ili jina lake litangulie.

Rekodi ya kwanza ilikuwa fujo tupu. Gitaa la solo, ambalo katika benga hudonolewa kwa kuiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, liligombana na sauti ya baba mdogo kama wake wenza kwenye jiko moja, maana vyote viwili nilikuwa nimevirundika katikati. Nikapanga upya. Nililirekodi gitaa tena alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kunguruma, nikalisogeza lote kwenye chaneli ya kushoto, na kila jina lilipokaribia nikaacha kudonoa ili jina hilo lipate uwanja wake peke yake. Mpangilio huo ninajivunia hadi leo. Ni kweli kwamba jogoo wa jirani aliwika ndani ya mapengo hayo, lakini sauti ya baba mdogo ilimfunika, nami nikamsamehe.

Kosa nililifanya kwenye sauti yenyewe. Niliiona nyembamba, nikainakili, nikaweka nakala moja kushoto na nyingine kulia, kisha nikabonyeza kitufe kinachogeuza wimbi la nakala moja juu chini. Katika vipokea sauti vya masikioni, baba mdogo alipanuka akawa kama anaimba kutoka Dunga na Kondele kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mawimbi mawili yanayolingana, moja likipanda pale mwenzake anaposhuka, hufutana kabisa yakiunganishwa katika chaneli moja. Lakini furaha ilikuwa imeniziba akili.

Siku ya sherehe, mwenye mitambo alikuja na spika mbili zenye kimo cha kabati, zote akizilisha mono, yaani chaneli ya kushoto na ya kulia zikiunganishwa kuwa moja. Simlaumu, kwani chini ya hema kubwa hiyo ndiyo njia ya watu wa kila upande kusikia kitu kimoja. Baba mdogo alisimama na suti yake, akashika kipaza sauti kilichozimwa, tayari kuigiza kwamba anaimba. Besi likaingia, gitaa likafuata, naye akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Kilichosalia kwake ni mwangwi nilioupaka kwa mbali, ambao haukulingana kushoto na kulia na kwa hiyo haukufutika, ukawa unalia kama marehemu anayeomba maji.

Kisha gitaa likanyamaza kwa adabu, kama nilivyolipanga. Shemeji wa elfu moja akanyoosha koti lake na kuinua kidevu. Jogoo akawika.

“Shemeji,” aliuliza kwa upole uliotisha kuliko ukali, “hilo ndilo jina langu?”

Baba mdogo, ambaye midomo yake ilikuwa bado inaigiza, alinitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona hata nilipokuwa mtoto na nikauza baiskeli yake. Jina la pili likafika, jogoo akawika tena. Kufikia la tatu, bikizee mmoja alikuwa amekwisha kupiga vigelegele, akaja akicheza, akaweka shilingi 50 juu ya spika kwa heshima ya ndege yule.

Nilikimbia kwa mwenye mitambo nikamsihi achomoe waya wa chaneli ya kulia. Alinikodolea macho kana kwamba nataka kumtibu bubu kwa kumkata sikio, lakini alichomoa, na hapo hapo baba mdogo akafufuka katikati ya kiitikio, akiunguruma, kwa kuwa nakala ya kushoto haikuwa tena na mpinzani. Shemeji akaamuru wimbo urudiwe tangu mwanzo. Safari hii jina lake lilitoka likiwa wazi, akasimama, akapunga mkono, akaketi ameridhika.

Aliyebaki na malalamiko ni bikizee, aliyerudi kwenye spika na kudai shilingi zake 50, kwa sababu jogoo aliyemtunza sasa alikuwa amefunikwa na mtu anayepiga kelele.